Msimlaumu Pasta kwa Sinema Yetu

Kila nikipita na rafiki mbele ya lile jengo la Kenya lililokuwa sinema na sasa ni kanisa (wasomaji wa mbali wasishangae, Kenya ni komuni, yaani wilaya ya mji, ya hapa Lubumbashi, Kongo, si nchi) nasikia malalamiko yaleyale: makanisa yametuulia sinema. Yanatolewa kwa uchungu, mara nyingi na mtu ambaye mara ya mwisho kulipa tiketi alikuwa bado anavaa kaptula. Nimechoka kuyasikia. Pasta alipoingia mle ndani alikuta marehemu, tena wa siku nyingi.

Ukumbi wenyewe haukuwa wa kifahari. Mbele mabenchi, nyuma viti vya mbao vilivyobana suruali, na ukuta uliopakwa chokaa ndio pazia. Mashine ilikuwa moja. Anayejua kazi hii anaelewa maana yake: mkanda wa milimita 35 huja kwa magurudumu, na gurudumu la mita 600 hivi humalizika baada ya dakika ishirini na kidogo. Kumbi za mjini zilikuwa na mashine mbili, moja ikiisha nyingine inapokea, mtazamaji hata hatambui. Kwetu, gurudumu likiisha, giza. Papa Operateri alikuwa na dakika zake tano za kubadilisha, na sisi tulikuwa na dakika zetu tano za kubishana.

Kwangu mimi sinema ilikuwa hizo dakika tano. Akteri ameachwa ananing'inia kwenye daraja, shefu bandi, mkubwa wa wale wabaya, anakata kamba, halafu giza. Basi ukumbi mzima unakuwa mahakama. (Shujaa wa filamu Watanzania wanamwita stelingi, sisi ni akteri, na akteri hafi.) Mmoja anaapa farasi atarudi. Mwingine anadai ameshaiona filamu hiyo kule mjini Likasi na anajua mwisho, anazomewa mpaka anyamaze. Mama mmoja muuza karanga, ambaye filamu ilimpita kwa sababu alikuwa anahesabu chenji, anauliza, "Yule mbaya ni yupi?" na anajibiwa na watu arobaini kwa pamoja. Filamu za Kihindi tulizitafsiriana papo hapo kwa Kiswahili chetu, na hakuna aliyekijua Kihindi. Nina hakika tafsiri yetu ilikuwa bora kuliko hadithi yenyewe.

Sitaki kuupamba wakati wa wazee wetu kupita kiasi. Siku hizi watu wanatumiana picha za sinema za mjini za enzi ya Élisabethville, jina la Lubumbashi wakati wa ukoloni, magari yamepangwa nje, taa zinang'aa, na chini wanaandika "enzi za raha." Raha ya nani? Chini ya Wabelgiji palikuwa na tume ya kuchuja filamu, na ile aliyoruhusiwa mzungu hakuruhusiwa mwafrika mpaka ipate kibali. Baba yangu alizijua kumbi hizo kwa nje. Sinema ninayoililia mimi ni ya mtaani, yenye mende.

Na hiyo iliuawa na mshahara. Baba alikuwa mtu wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, kwenye kiwanda cha kuyeyusha shaba, pale penye bomba refu la moshi na mlima mweusi wa mabaki. Ukitaka kujua tarehe ya mwezi hukuhitaji kalenda, uliangalia foleni ya sinema: baada ya malipo watu wanasukumana, ikifika tarehe ishirini tumebaki watoto wa kuingilia dirishani. Miaka ya themanini kampuni ilitoa zaidi ya tani 400 000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wake wa Kamoto ukaporomoka, 1991 ukaja uporaji, na kufikia 1994 hata tani 50 000 hazikufika. Filamu hukodiwa kwa fedha za kigeni. Nani angezileta, wakati mwaka 1993 zaire (ndiyo fedha yetu ya wakati ule) milioni tatu za zamani zilibadilishwa kwa zaire mpya moja?

Kisha watazamaji wenyewe wakapungua. Mwaka 1992 na 1993 watu wa asili ya mkoa wa Kasai walifukuzwa Katanga, mkoa wetu huu. Kule Likasi na Kolwezi familia nzima zililala vituoni majuma na majuma zikingoja treni. Yule rafiki yangu wa benchi la mbele, mtafsiri wetu mkuu wa Kihindi, aliondoka na wazazi wake. Kuhusu hili watu hawaandiki chochote chini ya zile picha.

Video ilikuja ndiyo, kideo na televisheni ndani ya chumba cha mtu, mlango umefunikwa kitenge. Lakini ilikuta ukumbi umeshafungwa. Kanisa likaukodi baadaye, likaziba paa, likaleta jenereta. Kumbi nyingine zimekuwa bohari za saruji, na huko hata kuingia huwezi.

Juzi nilialikwa harusi mle ndani. Wakati wa mahubiri niligeuka nyuma. Lile tundu la mraba ukutani, ambamo mwanga ulikuwa unatokea, bado lipo. Kijana ameweka kamera hapo, anarusha ibada kwa simu. Katikati ya mahubiri umeme ukakatika, na sekunde chache kabla jenereta haijawaka, watu wakaanza kuongea wote kwa pamoja.