Kompyuta ya kutafuta hitilafu kiwandani ije, ila nani ataijaza?

Juzi hapa Mwanjelwa nimewakuta madogo wawili wa uhandisi wanabishana kuhusu ile mifumo ya maarifa ya viwandani, yaani programu unayoijaza kanuni za mafundi, kama pampu inazunguka na valvu iko wazi lakini presha imeshuka basi angalia sehemu fulani, halafu inakaa inasoma sensa na kukwambia tatizo liko wapi. Mmoja anataka kila kiwanda cha kemikali kiwe nayo, mwenzie anasema hizo ni zilipendwa, siku hizi kuna AI, akili bandia, inayojifunza yenyewe.

Zilipendwa ni kweli. Miaka ya 1980 huko Marekani kampuni za DuPont na Foxboro pamoja na University of Delaware walitengeneza mfumo wa namna hiyo ulioitwa FALCON kwa ajili ya kiwanda cha asidi ya adipiki kule Texas, ile inayotengenezewa nailoni. Lakini hiyo AI ya kujifunza inataka mifano mingi ya hitilafu, na hitilafu kubwa kiwandani unaweza kuiona mara moja tu ukiwa hai (ukiiona mara mia basi hicho sio kiwanda, hama). Kanuni za fundi hazisubiri hiyo mifano, na ukiiuliza programu kwa nini umesema hivi inakuonyesha kanuni iliyotumia, opereta anakubali au anakataa.

Mfano ninaoupenda ni Milford Haven, Wales, kiwanda cha kusafisha mafuta kililipuka mwaka 1994. Dakika 11 za mwisho alamu 275 ziliwalilia maopereta wawili, piga hesabu, ni moja kila sekunde mbili na kitu, binadamu gani atasoma hizo? Hapo kompyuta ya kuchuja alamu ingesaidia sana. Lakini ngoja. Kulikuwa na valvu imefunga huku skrini inaonyesha iko wazi, sasa programu inayoamini skrini si ingedanganyika vilevile? Ingeokoka ile tu yenye kanuni ya mahesabu ya mwenye duka, kilichoingia kinatakiwa kitoke, mafuta yanaingia kwenye chombo na hayatoki, yako wapi?

Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo, kanuni za kuishuku geji huwa hazimo kwenye vitabu vya mtambo. Niliwahi kufanya shifti za usiku kiwanda kimoja upande wa Mufindi, mwezi wa saba, baridi lile la nyasi kuwa nyeupe asubuhi. Saa kumi na moja alfajiri geji ya presha imeganda namba moja tu haitikisiki, sisi vijana tukakimbilia pampu tukitaka kuizima. Mzee wa shifti akasema tulieni wanangu, akachukua birika la chai akatoka nje akamwagia maji ya moto kile kipaipu chembamba kinachopeleka presha kwenye sensa, maji yaliyokaa humo yalikuwa barafu, baada ya dakika kadhaa namba ikaanza kucheza. Programu iliyoandikwa na mtu wa sehemu za joto ingetuambia pampu imekufa, na kwa kweli hata sisi tulishaamini hivyo.

Kwahiyo yule dogo wa kwanza yuko sahihi ila anadhani kazi ni kununua na kufunga. Kazi ni kukaa na mzee kama huyo miezi, tena sio kumuuliza maswali ofisini maana hatakumbuka, ukae nae shifti ya usiku baridi likiwepo. Halafu kila mtambo ukibadilishwa paipu au pampu kanuni zirekebishwe, na mtu wa kufanya hivyo alipwe, maana kanuni ya mtambo wa zamani inapotosha watu kuliko kutokuwa na kanuni kabisa, na hapo ndipo mabosi wengi wanakaza mkono.

Mzee wetu alistaafu, hakuna aliyemuuliza kitu. Mara ya mwisho nimepita pale birika lilikuwepo kontrol rumu, vijana wanachemshia chai.