Binti wa fomu wani akinuna, tusikimbilie kusema ana jeuri

Kuna miaka miwili hivi, kuanzia binti anaposubiri matokeo ya darasa la saba mpaka anamaliza kidato cha pili, mi naona ndo kipindi ambacho huku kwetu Nyanda za Juu Kusini tunamwacha peke yake kuliko wakati mwingine wowote. Akiwa mdogo kila mtu anambeba, akifika fomu foo kila mtu anamuuliza atasoma nini, hapo katikati tunachomwambia ni kimoja tu, usicheze na wavulana, basi. Akinuna ana jeuri, akijifungia chumbani keshaanza mabwana, akilia anadeka.

Hebu angalieni vinavyomkuta kwa mpigo. Mtihani wa la saba ni mwezi wa tisa, shule inafunguliwa mwezi wa kwanza, na katika hiyo miezi ya kukaa nyumbani ndo mabinti wa Iringa na Njombe wanapelekwa Dar kufanya kazi za ndani, wanaambiwa ni kwa muda tu, na wengine ndo shule imeishia hapo. Anayebahatika kuanza fomu wani kwenye shule zetu za serikali anakuta masomo karibu yote yamegeuka Kiingereza, yaani mtoto aliyekuwa anaongoza darasa zima sasa anaulizwa swali la bayolojia anaangalia chini, jibu analo ila maneno hana, na wenzake wanacheka. Afu mwaka huohuo mwili nao unabadilika, hedhi inaanza, chunusi zinatoka, rafiki yake wa tangu la kwanza kapangiwa shule nyingine. Hata mtu mzima ukimbadilishia kazi, nyumba, lugha na mwili ndani ya miezi michache hawezi kuwa sawa.

Na huku kwetu kuna jingine ambalo hatupendi kuliongea. Njombe, Iringa na Mbeya ndo mikoa inayoongoza kwa maambukizi ya VVU nchini, utafiti wa taifa wa 2022/23 ulikuta Njombe ni asilimia 12.7 ya watu wazima. Huo ugonjwa umeacha watoto wengi mikononi mwa mabibi. Bibi anampenda mjukuu, hilo halina ubishi, lakini kachoka, na mara nyingi mtoto hajawahi kuambiwa mama yake alikufa kwa nini, anasikia tu watu wakinong'ona msibani. Akifika miaka 13 anaanza kujumlisha mwenyewe kichwani. Huyo akikaa kimya siku nzima mnamwita jeuri kweli?

Ila kinachoniuma zaidi ni mageto, vile vyumba vya kupanga ambavyo wanafunzi wanaishi wenyewe. Shule za kata zimesogeza sekondari karibu, tunashukuru, lakini karibu ya Rungwe, Makete au Ludewa sio karibu ya tambarare, ni milima, mabonde, ukungu na mvua, kwa hiyo mzazi anaona bora ampangie mtoto chumba jirani na shule. Binti wa miaka 14 anakabidhiwa godoro, unga, maharage, mafuta ya kupikia kwenye chupa ya soda na ndoo ya maji, afu tunaondoka. Niliwahi kuingia kwenye chumba kimoja cha hivyo, madaftari kayapanga vizuri juu ya ndoo iliyofunikwa, sare kaining'iniza kwenye msumari, nikamuuliza jioni huwa unaongea na nani, akasema, "Hakuna shangazi, nikishakula nalala." Giza likiingia tu kalala, na sio kwa sababu ana usingizi. Siku wa bodaboda atakapokuwa wa kwanza kumuuliza umekula, tutasema katongozwa kwa chipsi, wakati mtoto alitaka mtu wa kumuuliza tu.

Najua wapo watakaosema mbona sisi tulipita hukohuko na tuko wazima. Sio wote tuko wazima, hesabuni wale mlioanza nao fomu wani mkaja kumaliza bila wao. Shirika la Afya Duniani linasema theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya kufika miaka 14, na nusu kabla ya miaka 18, na mengi hayagunduliki, kwa hiyo tukisema tusubiri akue tunakuwa tumeshachelewa.

Cha kufanya wala hakihitaji mtaalamu kwa kuanzia. Ukimwita sebuleni ukamkalisha mbele ya baba na wajomba eti sema una tatizo gani, hatasema. Mkae nje mchambue maharage, macho yote yako kwenye ungo, hakuna anayemwangalia mwenzake usoni, utashangaa. Binti wa dada yangu alikaa likizo nzima ya mwezi wa sita anajibu "sawa mamdogo" na "hapana mamdogo", mpaka siku moja tuko kwenye ungo akaniambia wasichana wa bweni lao hawamsemeshi tangu mwezi wa tatu. Mwezi wa tatu! Mtu mzima ataona ni mambo ya kitoto, ila kwake hiyo ndo dunia nzima. Na akikwambia usiende kulitoa kwenye kikao cha ukoo, ukifanya hivyo hakwambii tena. Isipokuwa kama kuna mtu anamdhuru, hapo hakuna siri, nenda dawati la jinsia na watoto polisi, au piga 116, ni bure, na binti mwenyewe aijue hiyo namba. Akianza kusema anatamani asingezaliwa, mpeleke hospitali kama ambavyo ungempeleka akiwa na malaria.

Shuleni nako, walimu wangu nawaheshimu sana, ila mwalimu wa ushauri nasaha asiwe yuleyule anayeshika fimbo. Mtoto hawezi kuchapwa na mtu asubuhi afu mchana akamfuate amwambie analia usiku.

Nyie wenye nyumba mnaopangisha wanafunzi, jioni mgongeeni mlango mjue kala nini na kashinda vipi. Na mkutano wa kijiji ukiitishwa, wazazi wenzangu, tusikae kimya, hosteli ya mabinti iwe hoja ya kwanza na tuchangie tofali, mchanga na nguvu zetu kama tulivyochangia madarasa.