Mrusi hakutolewa Afghanistan na kina Osama

Kuna stori nimechoka kuisikia kijiweni, eti Mrusi alipigwa Afghanistan na Waarabu wa Osama bin Laden, yule wa al-Qaeda. Jamani hapana! Mrusi kaingia Desemba 1979 katoka Februari 1989, na waliokuwa wanakufa huko milimani ni Waafghani wenyewe, wakulima na wachunga mbuzi, wageni, hao Waarabu waliokuja kupigana, walikuwa elfu chache tu na wengi wao walichelewa kweli kweli. Ofisi ya Abdullah Azzam, shehe wa Kipalestina, ya kuwapokea ilifunguliwa 1984, vita ishakula miaka, tena Peshawar, Pakistan, sio Afghanistan. Hela walileta, wakimbizi wakasaidika, hilo siwanyimi. Ila yale makombora ya Stinger ya kutungulia helikopta kuanzia 1986 alitoa Mmarekani yakapitia mikononi mwa usalama wa Pakistan. Osama jina alilipata sehemu inaitwa Jaji, mashariki mwa Afghanistan, 1987, pigano moja dogo likakuzwa mpaka likawa hadithi.

Kinachoniuma mimi ni makaburi. Waafghani wengi ni wa madhehebu ya Hanafi, shahidi wao wanamchomekea vibendera vya rangi kaburini, sasa wageni wakifika wanaving'oa, wanasema shirki hiyo, kumshirikisha Mungu! Mtu wa Lamu au Unguja hii anaielewa haraka, maana sisi wenyewe tumeshanuniana sana kwa ajili ya maulidi na kuzuru makaburi. Hebu fikiria mtu umemkaribisha, umempa chai na mkate, anatoka hapo anaenda kung'oa bendera ya kaburi la mwanao.

Na sisi huku yalitufikia, tusijifanye ni mambo ya mbali. Tarehe 7 Agosti 1998 al-Qaeda walilipua balozi za Marekani Nairobi na Dar, watu zaidi ya 200 walikufa, na Mzanzibari aliyekuja kuhukumiwa New York kwa bomu la Dar alikuwa ameshapita kwenye kambi za mafunzo kule kule Afghanistan.

Halafu Ahmad Shah Massoud, kamanda wa Kiafghani, huyu ndo alimsumbua Mrusi kwa miaka pale bonde la Panjshir. Tarehe 9 Septemba 2001 wakamwendea Waarabu wawili wanajiita waandishi wa habari, wana kamera yao, wanataka mahojiano. Walikuwa wameshakaa kwa watu wake siku kadhaa wanasubiri nafasi, wanalishwa, wanalazwa kama mgeni yeyote kule, siku walipoitwa wakaingia na bomu.