Anzeni na maana, RDF itasubiri

Ratiba za mafunzo ya semantiki, yaani maana ya data, kwa watunza data zinaniudhi. Siku ya kwanza kusakinisha Protégé, programu ya kupanga dhana; ya pili sintaksia ya RDF, mfumo wa kuandika data ili mashine iielewe; ya tatu SPARQL, lugha ya kuiuliza data hiyo maswali. Maana yenyewe, ambayo ndiyo kazi, haitengewi hata saa moja.

Tazameni safu iliyoandikwa "mavuno" kwenye jedwali la mahindi. Mtu anaiunganisha na dhana ya mavuno katika AGROVOC, msamiati wa kilimo wa FAO, anadhani kamaliza. Kilo au magunia? Gunia Kenya huhesabiwa kilo 90, Tanzania mara nyingi 100, na lumbesa ni vile alivyoshindilia mnunuzi. Unyevu je? Tani moja yenye unyevu wa asilimia 20, ikikaushwa hadi 13.5, hubaki takriban kilo 925. Tena, mavuno yamegawanywa kwa eneo lililopandwa au lililovunwa? Mwaka wa ukame hapo ndipo takwimu zinapoharibika. Majedwali mawili hubeba URI ileile, yaani kitambulisho kilekile cha dhana, na bado hayajumlishiki.

Kompyuta zifungwe kwanza. Kila watu wawili wapewe jedwali la safu 10, na kwa kila safu waandike kinachopimwa, kipimo, hali ya kitu kilipopimwa, namna kilivyopimwa na wakati. Kisha wabadilishane maelezo na jozi nyingine, ambayo itajaza rekodi 20 kutoka daftari la shambani kwa kufuata maelezo hayo tu, bila kuuliza. Jozi mbili zikijaza tofauti, maelezo hayajatosha, yaandikwe upya. Zoezi hili linachosha, na lirudiwe hivyohivyo.

Ndipo SKOS, kanuni za kuunganisha dhana za misamiati, iingie, kwa tahadhari na exactMatch, kiungo kinachosema dhana mbili ni sawa. Ukisema A ni sawa na B, na mwingine akasema B ni sawa na C, mashine ina ruhusa ya kuhitimisha kuwa A ni sawa na C. AGROVOC hutenga Zea mays, ambao ni mmea, na mahindi ambayo ni zao. Ukikosea hapo, kosa linasafiri hadi kwa watu usiowajua. closeMatch, kiungo cha dhana zinazokaribiana, haina mnyororo huo. Penye shaka, tumieni hiyo.

SPARQL, sawa, inahitajika kukagua kazi. Siku ya mwisho inaitosha.

Na mtihani uwe jedwali geni, lenye alama kwa anayeandika "haijulikani" pale maelezo yanapokosekana, na alama zipunguzwe kwa anayebahatisha URI.