Mlango, jahazi na jina: nembo ya mfanyabiashara mdogo Zanzibar imtambulishe nani?

Mtu akizunguka maduka ya zawadi ya Mji Mkongwe, kuanzia mtaa wa Gizenga hadi Hurumzi, akazitazama kwa utulivu pakiti za viungo, chupa za mafuta ya nazi na sabuni za mwani, ataona kwamba bidhaa za watengenezaji tofauti zimevishwa sura chache zile zile: mlango wa nakshi, jahazi lililotweka tanga, mnazi ulioinama na kikonyo cha karafuu. Mfanyabiashara mdogo anayetaka kuchorewa nembo hulazimika kuamua mapema kama atazifuata alama hizi zinazoitambulisha Zanzibar, au atatafuta alama itakayomtambulisha yeye. Uamuzi huo nauona mzito, kwa sababu fedha inayolipiwa kazi hii mara nyingi hutoka kwa watu wasio na ya kupoteza.

Wanaozitetea alama za pamoja wana hoja isiyofaa kupuuzwa. Mgeni aliyekuja kuuona Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, ameshinda asubuhi nzima akipiga picha milango. Akiuona mlango juu ya sabuni, anaelewa papo hapo anachonunua na mahali kilikotoka, na muuzaji hakutumia hata shilingi moja kumfundisha. Alama mpya isiyojulikana na mtu haina msaada huo. Watu hupenda kuitaja alama ya Nike, iliyochorwa na Carolyn Davidson mwaka 1971 kwa dola 35, kuonyesha kwamba nembo nzuri si lazima iwe ghali. Ni kweli kwamba mchoro ulikuwa rahisi, lakini kuujulisha ulimwengu kuligharimu matangazo ya miaka mingi, na kwa muda mrefu mchoro huo ulitembea pamoja na jina la kampuni. Mama anayepika sabuni Jambiani hana matangazo ya namna hiyo, na ni haki yake kuazima umaarufu ambao kisiwa chake tayari kinao.

Hata hivyo, kazi ya kwanza ya nembo ni kutenganisha, na hapo ndipo alama za pamoja zinapomwangusha mwenyewe. Mgeni yule yule akirudi kwao, akaipenda sabuni na kumwagiza rafiki yake anayekuja Unguja, atamwambia amnunulie ipi? Atasema ile yenye mlango, na zenye mlango ni nyingi, kwa hiyo sifa aliyoichuma mtengenezaji mmoja itakwenda kwa yeyote aliyepangwa karibu na kaunta. Mteja wa Darajani au Chake Chake, ambaye hurudi kila mwezi na hahitaji kuambiwa kwamba yuko Zanzibar, anapata faida ndogo zaidi kutokana na mlango huo.

Sheria nayo inaelekea upande huu. Sheria ya Mali za Viwanda ya Zanzibar Na. 4 ya 2008 inataka alama ya biashara iweze kutofautisha bidhaa za mtu mmoja na za mwingine, na ni vigumu kwa mtu kudai jahazi kuwa lake peke yake. Hapa niongeze jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa: usajili wa alama si jambo la Muungano. Aliyesajili BRELA, wakala wa usajili wa Bara, amelindwa Bara tu, na anayeuza Kariakoo na Darajani kwa pamoja anapaswa kusajili kwa BPRA, wakala wa usajili wa Zanzibar, pia. Tena, anayejitengenezea nembo kwa programu ya simu asome masharti yake kwanza. Canva, kwa mfano, haimruhusu mtumiaji kusajili alama ya biashara iliyojengwa kwa michoro ya hifadhi yao, kwa kuwa mchoro huo huo uko wazi kwa kila mtu.

Lakini mimi nilishawishika zaidi na muhuri kuliko na sheria. Bi mmoja wa Wete anayetengeneza achari ya ndimu aliniletea nembo aliyochorewa: ndani ya duara moja mlikuwa na mlango, jahazi, karafuu mbili na jina lake limepinda kwa juu, na yote yalikuwa na rangi tano. Kwenye skrini ya simu ilipendeza. Alipochongewa muhuri wa mpira, wenye ukubwa wa sarafu, ili agonge mwenyewe lebo zake za karatasi, nakshi za mlango ziliziba wino, njumu, ile misumari ya shaba, zikaungana na mfaa, mti wa katikati ya mlango, na jahazi likawa doa. Mlango wetu umechongwa utazamwe na mtu aliyesimama mbele yake. Ukiupunguza hadi upana wa kidole, uzuri wake ndio unaouharibu. Wachapaji wa kanga walilijua jambo hili zamani: kila rangi ina mpigo wake, kwa hiyo rangi huwa chache na umbo huwa kubwa.

Kanga hiyo hiyo ilinipa hoja niliyomwambia Bi huyo. Kwa vizazi vingi wanunuzi wa pwani wameitambua kanga ya Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa kwa maandishi, K.H.E. na «Mali ya Abdulla», ingawa mapambo ya nguo hubadilika kila toleo. Nikamshauri aandike jina lake kwa herufi nene zilizoachana vizuri, basi. Akanijibu, «Mwanangu, wateja wangu wengine hawasomi, na wageni hawalijui jina langu kulitamka. Nataka mtu akiiona tu ajue ni yangu.» Alikuwa sahihi, na hapo nilikubali kwamba jina pekee halitoshi kwa soko lake.

Msimamo wangu tangu hapo ni kwamba lebo na nembo zisibebeshwe mzigo mmoja. Lebo ina nafasi. Iandikwe Pemba, Zanzibar, hata mlango ukae pembeni yake kwa ajili ya mgeni. Nembo imbebe mwenyewe. Anayeuza ufukweni kwa wapita njia wasiorudi anaweza kubaki na jahazi lake, sioni hasara kubwa. Kikundi cha wakulima wa mwani nacho kisiweke uso wa mwenyekiti, kwani uongozi hubadilika.

Tulimuuliza yule Bi watu wa Wete huiitaje achari yake. Kumbe huiita «ya ukili», kwa sababu tangu mwanzo hufunika kifuniko cha chupa kwa kipande cha ukili, ukanda wa majani aliousuka mwenyewe. Mchoraji alichukua misuko mitatu tu ya ukili huo, mistari minene iliyopishana, akaweka jina chini yake, kwa rangi moja. Muhuri wa pili ulipogongwa kwenye karatasi ya khaki, misuko yote mitatu ilihesabika, na Bi akaugonga tena mara nne bila kuambiwa.