Begi Liko Mlangoni Tangu Mfungo Sita

Kwenye daka la nyumba yetu, kibaraza cha mlangoni, hapa Langoni, Lamu, kuna begi jeusi. Liliwekwa pale Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, siku wageni walipokuwa wakishuka pwani kupanda boti, nami nikatangaza kwa sauti, mbele ya watu, kwamba na mimi naondoka. Wageni walifika makwao zamani. Kaskazi imevuma, Ramadhani hiyo inapiga hodi, begi liko palepale. Paka amezalia juu yake, watoto watatu. Bibi huliegemea akichambua mchele. Mgeni akija huambiwa, "Pita baba, liruke tu hilo, ni begi la kijana, anakwenda Nairobi."

Ni miezi sita sasa nakwenda Nairobi.

Msinicheke kabla hamjanisikiliza. Mei 2021 gati la kwanza la bandari mpya lilizinduliwa kule Kililana, ng'ambo yetu, rais mwenyewe akaja. Septemba ileile nikaingia chuo Mombasa, kusomea ugavi na usafirishaji. Nikapiga hesabu: bandari ya kina kirefu imejengwa mlangoni kwetu, meli zitakuja, makontena yatataka mtu wa kuyaandika, na mtu huyo Mwenyezi Mungu ameshamwumba, anakaa Langoni. Miaka minne nikala maharage ya mkopo. Nikarudi na picha ya joho, maana joho lenyewe lilikuwa la kukodi. Magati sasa ni matatu, marefu, yamenyooka, ukipita kwa boti raha kuyatazama. Kazi zake nazo zina wenyewe, vijana kama mimi, na wana afya njema, alhamdulillahi, hakuna hata mmoja anayekohoa.

Basi fani yangu naifanya kwa njia nyingine. Nasafirisha mchanga kwa punda.

Punda ni wa baba mdogo, anaitwa Meneja, na ndiye pekee katika ukoo wetu mwenye cheo. Asubuhi tunashuka pwani, jahazi la mchanga limeshatia nanga, tunapakia magunia mawili, moja huku moja huku, tunaanza kupanda vichochoroni kwenye nyumba inayojengwa. Chuoni tulifundishwa muhula mzima namna ya kupunguza muda wa mzigo kukaa njiani. Mwalimu alichora mishale ubao mzima. Hakumchora Meneja amesimama katikati ya Ndia Kuu saa tatu asubuhi, mbele yake mama mwenye sinia la mahamri, nyuma yake watalii wanne wanampiga picha, naye ameshaamua kwamba dunia inaishia hapo. Humvuti, humsukumi. Nikamwomba kwa upole. Nikamwomba kwa Kiingereza cha chuo. Akageuza sikio moja. Mtalii mmoja akaniuliza kama ni kweli mji huu hauna magari. Nikamwambia magari hatuna, ila msongamano tunao.

Jana tulimaliza na shilingi 900, nusu ya baba mdogo, nusu yangu. Meneja akapata maganda ya maembe, na nadhani ndiye aliyelala na furaha kutushinda.

Sasa upande wa pili wa mizani yuko binamu. Binamu yangu ana mwaka wa tatu Nairobi, katika godauni moja huko Viwandani, anaandika mizigo inayoingia na inayotoka. Kila mwisho wa mwezi simu inalia: "Njoo haraka, pana nafasi, kuna mtu ameacha." Septemba mtu ameacha. Oktoba mtu ameacha. Novemba wakaacha wawili. Mwanzo nilifurahi, nikaona Mungu ananifungulia milango. Siku hizi najiuliza, kazi gani hii ambayo mlango wake haufungwi? Wale wanaotoka wanakwenda wapi? Nilimwuliza, akanyamaza kidogo, akasema, "Wewe ingia tu, utaona mwenyewe." Hivyo ndivyo mtego wa dema unavyomwambia samaki.

Na si kwamba sikwenda kuona. Nilikwenda Julai, kabla begi halijawa samani ya nyumba. Boti hadi Mokowe, basi la alfajiri, Witu, Garsen, Malindi, mpaka Mombasa nikateremka nikitembea kama kaa. Kesho yake treni, tikiti shilingi 1,500, saa tano na kitu uko bara. Treni sina neno nayo, nzuri. Ubaya wake ni kwamba inakufikisha. Lamu tunakaa usawa wa bahari; Nairobi iko juu mita 1,700 na ushei, na mwezi wa Julai mawingu yanashuka kukaa na watu. Mimi nimefungasha vikoi viwili na kanzu ya Ijumaa. Usiku wa kwanza nikalala na soksi, kofia na taulo la binamu, alfajiri nikatia udhu kwa maji yaliyonikumbusha dhambi zangu moja moja, kwa tarehe.

Binamu anakaa Pipeline, gorofa ya sita, katika bedsita. Kwa asiyeijua bedsita, ni chumba ambamo kitanda, jiko na choo vimelazimishwa udugu. Ukijinyoosha vizuri kitandani unaweza kuzima jiko kwa kidole gumba. Dirisha lipo, linatazamana na dirisha la jengo la pili, karibu kiasi kwamba ningeweza kumpokelea yule mama wa pili mwiko wake. Jioni ya kwanza alikuwa anasonga ugali. Nikamwamkia, kama mtu aliyelelewa: "Masalkheri, mama." Akavuta pazia. Siku ya tatu nikasahau, nikamwamkia tena. Binamu akanivuta shati: "Wacha hiyo tabia, utaitiwa mwenye nyumba."

Jengo moja lina watu kama kijiji kizima, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza ninakwenda wapi. Nakubali, mwanzo niliona raha. Huku kwetu huwezi kununua kibiriti bila kutoa maelezo. Vichochoro vina upana wa punda mmoja na mtu mmoja mwembamba, kila mtu anakugusa bega, kila bega lina swali. Neno ukilisema Mkomani asubuhi, adhuhuri unalikuta Langoni limeshavaa kanzu. Kule, kimya. Nikatembea siku nne kama mfalme. Siku ya tano nikajikuta nasimama kwa muuza mayai ya kuchemsha, namwambia mwenyewe, bila kuulizwa, "Nakwenda dukani mara moja, narudi." Akanitazama, akanichagulia yai, akaniambia, "Thelathini."

Niliporudi nikakaa na hesabu. Karatasi sikuwa nayo, nikatumia boksi la halwa. Mshahara, kwa mdomo wa binamu, 25,000. Kodi 8,000, na mwezi wa kuingia unalipa mara mbili kwa jina la dipoziti, hilo nikaliruka nisiumwe na kichwa mapema. Nauli 200 kwa siku, kwa siku 26 ni 5,200, na hapo nimejaalia mvua hainyeshi, kwa sababu ikinyesha makanga wanapandisha bei kuliko bamvua inavyopandisha maji. Tokeni za stima na mitungi ya maji, 1,500. Chakula 6,000, cha mtu asiyeweza kushiba. Nyumbani 2,000, vinginevyo Mama atasema mji umenibadilisha. Bodi ya mikopo 1,700. Hiyo inakusubiri mwaka mmoja tangu umalize masomo, riba asilimia 4, na ndiyo ofisi pekee iliyowahi kuniandikia ikitumia majina yangu yote matatu. Nikafika chini ya boksi na shilingi 600 na doa la samli.

Nikahesabu na ya Meneja. Kodi hana, nauli hana, mkopo hana. Yeye kwa mwezi ananizidi.

Ushauri nao usiseme. Bibi, bila kuinua kichwa kwenye ungo: "Siwate mbachao kwa msala upitao." Nikamwambia Bibi, huo mbachao wenyewe umetoboka. Akasema, "Ndoo ukae, tutautia kiraka." Nikatoka hapo mpaka Mkunguni, uwanja wa mbele ya Ngome, mzee wa kahawa akanimiminia: "Mkaa bure si sawa na mtembea bure, kijana. Ondoka." Methali ni kama mawakili, unampata wa upande wowote, na wote wanaongea kwa uhakika. Mzee mwingine akainyoshea kidole Ngome, akasema ile ilikuwa jela hadi 1984, na wafungwa walikuwa wakilia kutoka. Nikamwambia mzee wangu, wale walau walikuwa wanajua tarehe yao. Baraza likacheka, nikalipiwa kahawa, na nadhani hiyo ndiyo shughuli niliyoifanya vizuri zaidi wiki ile.

Nahodha mmoja rafiki yangu yeye ana msimamo wa kati. "Nenda," anasema, "lakini tikiti ya kurudi uikate kwanza."

Mama hajawahi kusema usiende. Hilo mtu asimsingizie. Kila siku ananiambia nenda, ila ananiambia na lini. Nenda, lakini bahari itulie. Bahari ikatulia. Nenda, lakini harusi ya binti ya mjomba wako ipite, nani atabeba viti? Ikapita, nikabeba viti. Nenda, lakini mwezi wa kwanza Nairobi kila mtu hana pesa, utapokewa na nani? Sasa Ramadhani inakaribia: "Utafuturu na nani kwenye kijumba hicho? Na yule mama anayevuta pazia?" Kosa langu, nilimhadithia. Najua Ramadhani ikiisha, Mfungo Mosi ukiandama, atasema huo ni mwezi wa kuzuru jamaa.

Nikasema potelea mbali, nitaanza na makaratasi, anayeshika makaratasi ameshaondoka nusu. Binamu aliniambia hakuna godauni inayokupokea bila cheti cha tabia njema cha polisi. Ada yake ni shilingi 1,050. Nikajaza fomu mtandaoni, nikatiwa alama za vidole vyote kumi, nikarudi nyumbani na wino kwenye kucha zote. Bibi akaniuliza nimeshika nini. Nikamweleza. Akanyamaza muda mrefu, akaweka ungo chini.

"Umelipa elfu na hamsini wakwambie una tabia njema?"

"Ndio, Bibi."

"Ungeniuliza mimi. Ungewauliza hawa wa mtaa. Bure. Tena wangekwambia na ile mbaya."

Cheti kilipokuja kikasema sina rekodi yoyote. Bibi akasomewa, akakunja uso. "Hawakujui hao," akasema.

Nikakitia kwenye mfuko wa pembeni wa begi, pamoja na cheti cha chuo, nikafunga zipu. Hapo nikahisi, wallahi, nimeiva. Nikampigia binamu usiku uleule, nikamwambia mwisho wa mwezi huu usimpe mtu hiyo nafasi. Akasema, "Usijali, wako wanne wanaacha."

Asubuhi shangazi akaja. Macho yanamsumbua, ana miadi na daktari Mombasa, na begi lake limeliwa na panya. Akasimama dakani, akalitazama langu, magurudumu yake, mpini wake wa kuvuta. Mama akamtazama shangazi. Mimi nikawatazama paka. Hakuna aliyesema neno. Mama aliingia ndani akatoka na pakacha, nguo zangu zikahamia kwenye pakacha, paka wakahamia juu ya nguo, ikaisha. Kutahamaki mimi mwenyewe ndiye ninayelifunga begi juu ya mgongo wa Meneja, alfajiri, na mimi ndiye ninayeongoza kuelekea jeti ya boti, shangazi nyuma amejitanda buibui. Meneja siku hiyo hakusimama hata mara moja. Angesimama nisingeumia.

Boti ilipokwenda Mokowe ndipo nilipoukumbuka mfuko wa pembeni. Digrii yangu na tabia yangu njema vikawa vimeshavuka.

Nilirudi nikalala. Hasira, au homa ya kaskazi, sijui. Siku tatu sikutoka nje. Siku ya nne nikaoga, nikavaa kikoi, nikaenda Mkunguni kutafuta kahawa. Nikaona baraza zima limenyanyuka. Mzee wa kahawa akanipa mikono miwili. Mwingine akanisogezea nafasi, akaipangusa kwa kilemba chake. Watu waliliona begi alfajiri ile, wakamwona Meneja, wakaniona mimi, na hesabu waliifanya wenyewe. Mama ameshapongezwa nyumba kwa nyumba, na kwa heshima yake hakumkatiza mtu.

"Pole na safari, kijana," mzee akaniambia. "Ndio mji huo, haukai na watu. Umerudi lini?"

Nikafungua mdomo, nikaufunga.

"Na Nairobi vipi?"

"Baridi," nikasema.

"Nilijua," akasema, akanimiminia kikombe cha pili.