Klabu za wahamiaji hazikuiua ligi ya zamani ya Australia

Juni 2000, watu 43,242 walijaa Subiaco Oval mjini Perth kutazama fainali ya National Soccer League, NSL, ligi kuu ya soka ya Australia wakati huo. Perth Glory walienda mapumziko wakiwa mbele 3-0. Wollongong Wolves wakarudisha yote matatu, wakashinda kwa mikwaju ya penalti, na kombe likasafiri hadi upande wa pili wa bara. Mmoja wa mashujaa wao, Scott Chipperfield, alikuwa amejipatia riziki kwa kuendesha basi la shule. NSL haikuwahi kuacha kabisa kuwa ligi ya nusu kulipwa: mchana kazini, jioni mazoezini.

Miaka minne baadaye ligi hiyo ilikufa. Ukiuliza kilichoiua, wengi watakujibu bila kufikiri: ukabila wa wahamiaji. South Melbourne Hellas ilikuwa ya Wagiriki, Marconi ya Waitaliano, Preston Makedonia ya Wamasedonia, na Melbourne Croatia haihitaji maelezo. Asiye wa ukoo huo angeingia uwanjani kumshangilia nani?

Swali hilo lina uzito. Sydney City, iliyoanzishwa na Wayahudi kwa jina la Hakoah, ilitwaa ubingwa wa kwanza mwaka 1977, kisha mitatu mfululizo kuanzia 1980 hadi 1982, lakini mashabiki hawakuja. Mwaka 1987 tajiri wake, Frank Lowy, aliiondoa ligini msimu ukiwa ndio kwanza umeanza. Vurugu nazo zilikuwepo. Mwaka 2001 Bobby Despotovski wa Perth Glory, mwenye asili ya Serbia, aliwaonyesha mashabiki Wakroatia wa Melbourne Knights vidole vitatu, saluti ya Waserbia, na baada ya mechi akashambuliwa. Mzazi aliyeona hayo kwenye taarifa ya habari akaamua kumpeleka mwanawe kwenye raga hawezi kulaumiwa.

Lakini kama asili ya klabu ndiyo iliyokuwa sumu, klabu zisizo na asili hiyo zingepaswa kunawiri. Zilijaribiwa, tena kwa fedha. Mwaka 1996 klabu kubwa ya mpira wa Kiaustralia (mchezo tofauti na soka), Collingwood, iliingia kwenye soka kwa jina la Collingwood Warriors. Ikadumu msimu mmoja. Carlton ilifuata njia hiyo hiyo, ikafika fainali msimu wake wa kwanza, ikafunga milango katikati ya msimu wa nne. Canberra Cosmos ikazimika mwaka 2001. Northern Spirit ilianza kwa kishindo kaskazini mwa Sydney, Rangers ya Scotland ikanunua hisa, na bado haikufika kwenye ligi iliyofuata. Wakati hawa wakija na kuondoka, Wagiriki wa South Melbourne na Wakroatia wa Knights walikuwa pale pale, wakilipa mishahara kwa michango ya wanachama na mapato ya kumbi zao. Ni vigumu kumwita muuaji mtu ambaye kila mwezi ndiye aliyekuwa akilipa bili ya hospitali.

Nairudia ile 43,242, kwa sababu kila upande huichukua kama yake. Wapinzani wa klabu za wahamiaji husema: mnaona? Perth Glory, iliyoanzishwa 1995 bila kabila, ndiyo iliyojaza uwanja. Kweli. Ila Glory haikujaza uwanja kwa kucheza peke yake. Ilikuwa ndani ya NSL ile ile inayodaiwa kuwa imeoza, ikizipokea Hellas na Marconi na Knights, na watu wa Perth walikuja hata hivyo. Fainali ya kwanza ya A-League, ligi mpya iliyochukua nafasi ya NSL, mwaka 2006 jijini Sydney, ilikuwa na watazamaji 41,689. Ule uwanja nao ulijaa, kwa hiyo sidai kwamba ligi mpya ilishindwa kuvuta watu. Kwa wastani wa msimu mzima iliivuka ya zamani kwa mbali. Ninachosema ni kwamba klabu ya mji na klabu ya jamii ziliweza kukaa kwenye msimamo mmoja, na tulishaona hivyo kwa macho.

Dawa iliyochaguliwa ilikuwa kufuta majina. Katikati ya miaka ya 1990 Soccer Australia, shirikisho la soka, chini ya David Hill, ilizibana klabu ziondoe majina na alama za Ulaya. Sydney Croatia ilikwishajiita Sydney United, na Melbourne Croatia ikawa Knights. Msomaji wa Kenya anaijua hadithi hii. Serikali ya Moi ilipotaka majina ya kikabila yaondoke kwenye soka, mwaka 1980 Abaluhya ikageuka AFC Leopards, na mashabiki wakaendelea kuiita Ingwe, yaani chui kwa Kiluhya. Jina lilibadilika kwenye makaratasi, jukwaa likabaki lile lile. Tofauti ni kwamba Leopards haikufukuzwa ligi kuu kwa sababu ya waliokaa jukwaani.

Kilichoiua NSL hasa kilikuwa ofisini. Haki za matangazo ziliuzwa kwa televisheni ya Seven kwa mkataba wa miaka 10, na Seven, iliyokuwa ikijipatia watazamaji kwa mpira wa Kiaustralia, iliipa soka nafasi finyu mno. Ligi isiyoonekana haina mfadhili. Shirikisho lenyewe lilikuwa na migogoro hadi serikali ikaagiza uchunguzi, na ripoti ya David Crawford ya 2003 ilielekeza kidole kwenye uongozi na muundo wa mamlaka. Bodi ikaondoka. Aliyekabidhiwa usukani ni nani? Lowy yule yule.

Aprili 2004 Perth Glory waliifunga Parramatta Power 1-0 katika fainali ya mwisho, na nchi ikakaa miezi 16 bila ligi ya taifa. Agosti 2005 A-League ikaanza na klabu nane. Perth ilimo, South Melbourne, mabingwa mara nne, haimo.

Miezi mitatu baadaye, Novemba 16, 2005, Australia iliitoa Uruguay kwa penalti na kurudi Kombe la Dunia baada ya miaka 32. Sifa zikamiminiwa enzi mpya. Haya basi: Mark Schwarzer, aliyedaka penalti mbili, alitoka Marconi. John Aloisi, aliyepiga ya mwisho, Adelaide City ya Waitaliano. Nahodha Mark Viduka, Melbourne Knights, ambako jukwaa lina jina lake. Tony Popovic, Sydney United. Hata Ange Postecoglou, ambaye baadaye alifika Celtic na Tottenham, alikuwa nahodha wa South Melbourne iliyotwaa ubingwa wa 1991 chini ya kocha Ferenc Puskás, kisha akaifundisha na kuipa mataji mawili. Ligi mpya, ikiwa na miezi mitatu, haikumkuza hata mmoja wao.

Kosa la A-League halikuwa kuanza upya. Hesabu zilidai hivyo. Kosa lilikuwa kufunga mlango bila kuacha ngazi ya kupandia. Oktoba 2025 shirikisho lilizindua Australian Championship, mashindano ya daraja la pili, na kati ya klabu nane waanzilishi zimo South Melbourne, Marconi, Preston, Sydney United, Sydney Olympic na APIA Leichhardt. Zimepita zaidi ya miaka 20 zikicheza ligi za majimbo, na bado zipo. Lakini bingwa wa mashindano hayo hapandi A-League, kwa hiyo hukumu ya 2004 haijatenguliwa bado.